Kutoka Malta hadi Karema: Somo la Tabibu wa Njia ya Misafara kwa Wahitimu wa Leo

Mwanafunzi wa afya anayekaribia kuhitimu huwa na swali ambalo halimo katika mtihani wowote: atapangiwa kazi wapi, na je, akipelekwa mbali na jiji, taaluma yake itaishia huko? Waliomtangulia humpa majibu yanayopingana. Wapo wanaomshauri asiondoke Dar es Salaam, kwa kuwa ndiko ziliko hospitali kubwa, madaktari bingwa na nafasi za masomo ya juu. Wapo wanaomwambia kwamba wilayani ndiko mtaalamu hujifunza kazi kwa mikono yake mwenyewe. Pande zote mbili zina hoja. Katika Tanzania ya magharibi, swali hilo lina historia ndefu kuliko vyuo vyenyewe.

Katika karne ya 19, njia kuu ya misafara ilianza Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Kilimatinde, ikafika Unyanyembe, yaani Tabora ya leo. Hapo iligawanyika: tawi moja lilielekea kaskazini, jingine lilikwenda Ujiji, na mengine yalishuka kuelekea mwambao wa kusini wa Ziwa Tanganyika. Pembe za ndovu, nguo, shanga na watumwa walipita humo. Ndui na maradhi mengine nayo yaliifuata misafara kijiji hadi kijiji.

Kwa Wanyamwezi, upagazi ulikuwa kazi yenye heshima na ngazi zake. Kijana aliyekwenda pwani na kurudi alihesabiwa kuwa mtu mzima. Alianza kwa kubeba mzigo, na aliyezijua njia, visima na desturi za watawala wa njiani ndiye aliyeweza kuwa kirangozi, mwenye kutangulia msafara. Cheo kilifuata ujuzi, na ujuzi huo ulipatikana kwa kutembea.

Ndani ya ulimwengu huo aliingia Adrian Atiman. Alizaliwa yapata mwaka 1866 karibu na Mto Niger, si mbali na Timbuktu. Akiwa mtoto alitekwa, akavushwa jangwa la Sahara, na nchini Algeria akakombolewa na Mapadri Weupe. Mwanzilishi wa shirika hilo, Kardinali Lavigerie, alikuwa na mpango: Waafrika vijana waliokombolewa utumwani wasomeshwe utabibu, kisha wapelekwe kuishi na kutibu katika bara lao. Mwaka 1881 chuo kilifunguliwa kwa ajili yao Malta, na vijana hao wakasoma tiba katika chuo kikuu cha kisiwa hicho. Atiman alihitimu mwaka 1888 akiwa na umri wa miaka 22 hivi. Mwaka 1889 aliwasili Karema, kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika, mahali ambapo Wabelgiji walijenga boma mwaka 1879 na kulikabidhi kwa wamisionari mwaka 1885.

Hakuondoka tena. Alimwoa Agnes Wansahira, mwanamke wa ukoo wa kichifu wa Wabende, na mtoto wao mmoja akawa padri. Utawala wa Wajerumani ulikuja na kuondoka, Waingereza wakafuata, vita kuu mbili zikapigana, naye alikuwa bado Karema akiwatibu wagonjwa. Mwaka 1946 habari za maisha yake, kama alivyozisimulia mwenyewe, zilichapishwa katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Alifariki mwaka 1956, miaka 67 baada ya kuwasili. Shule ya udaktari ya Dar es Salaam, ambayo leo ni Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, ilifunguliwa mwaka 1963, miaka 7 baada ya kifo chake.

Ni rahisi kuyatumia maisha hayo kama fimbo ya kuwachapia vijana: mtazameni mzee huyu, alikaa miaka 67 bila kulalamika. Matumizi hayo si ya haki. Atiman hakuichagua njia yake kwa namna ambayo mhitimu wa leo huichagua. Aliporwa utoto wake. Masomo yake yalipangwa na wengine. Kituo chake cha kazi kilikuwa mbali mno na nyumba ya wazazi wake. Isitoshe, jamii inayotegemea uhai wa tabibu mmoja ina bahati, lakini haina mfumo. Mtu huyo akiugua, zahanati nzima imeugua.

Lililo la kujifunza kwake ni jingine: ujuzi wa tabibu huongezeka thamani kadiri anavyokaa na watu anaowatibu. Mgeni aliyejifunza lugha, akaoa katika ukoo wa wenyeji na kuzijua familia kwa vizazi, huupata ukweli ambao mgonjwa hamwambii mtu anayepita. Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Lakini ili mwenyeji apone, yafaa mgeni naye asibaki mgeni.

Funzo la pili linahusu cheo. Atiman aliitwa katekista-tabibu, jina lisilo na nafasi katika muundo wa utumishi wa sasa. Lakini swali la nani anaweza kufanya nini bado lipo. Baada ya uhuru, Tanzania ilijenga kada ya madaktari wasaidizi kwa kuwachukua maafisa tabibu wenye uzoefu na kuwaongezea mafunzo ya miaka 2, yakiwamo ya upasuaji. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulipitia operesheni kubwa 1,072 za uzazi katika hospitali za mikoa ya Mwanza na Kigoma. Kati ya hizo, 945 zilifanywa na madaktari wasaidizi na 127 na madaktari wenye shahada. Watafiti hawakuona tofauti ya maana katika matokeo ya makundi hayo mawili. Kigoma ndiko njia ya misafara ilikoishia. Katika mikoa hiyo, mama aliyehitaji kisu usiku wa manane aliokolewa mara nyingi na mtu aliyeanza kazi kama afisa tabibu.

Kwa hiyo, anayeanza na stashahada asijione amefungiwa mlango. Utaratibu wa sasa una ngazi nyingi: astashahada, stashahada ya miaka 3 kwa afisa tabibu au muuguzi, shahada ya udaktari ya miaka 5 inayofuatwa na mwaka 1 wa utarajali, kisha shahada ya uzamili kwa anayetaka ubingwa. Wengi huingia chuo kikuu baada ya kufanya kazi zahanati kwa miaka kadhaa, na huingia wakiwa wanajua kwa nini wanasoma. Daktari aliyekwisha kuona upungufu wa damu kwa watoto wa vijijini huchagua ubingwa kwa sababu iliyo nzito kuliko jina la cheo.

Mhitimu anayepangiwa kituo cha mbali anayo haki ya kuuliza, na kuuliza si uvivu. Je, yupo mtaalamu mwandamizi wa kumsimamia, au wa kumpigia simu? Chumba cha upasuaji kinafanya kazi? Damu salama hupatikana wapi? Gari la wagonjwa liko umbali gani? Nyumba ya mtumishi ipo? Majibu humsaidia kujua atakachoweza kukifanya pale na atakachopaswa kukipeleka mbele kwa rufaa. Akishafika, ahifadhi daftari la kesi alizozishiriki, leseni yake isipitwe na muda, na asiache mafunzo endelevu ya kitaaluma. Siku ya kuomba nafasi ya masomo, kumbukumbu hizo huongea kwa niaba yake. Pia ajipatie wenzake wa kuzungumza nao, kwa kuwa upweke na uchovu wa akili humdhoofisha mtoa huduma polepole, na wagonjwa huwa wa mwisho kuambiwa.

Mgonjwa naye ana sehemu yake. Mtu anayemhudumia katika zahanati huenda si daktari mwenye shahada, na hilo peke yake halimfanyi kuwa mtaalamu duni. Ni mtu wa kada iliyosomea kazi hiyo. Mgonjwa anaweza kumuuliza kwa heshima yeye ni nani kitaaluma, ameona tatizo gani, na ni dalili zipi zikitokea arudi haraka. Akipewa barua ya rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Kitete mjini Tabora, au mbele zaidi hadi Bugando jijini Mwanza, asiichukulie kuwa ametupwa. Mtoa huduma anayejua mpaka wa uwezo wake na kuandika rufaa mapema amefanya kazi yake vizuri.

Wale wanaopanga watumishi wana deni kubwa zaidi. Nyumba, usimamizi, vifaa na nafasi ya kusoma baada ya muda unaojulikana ndivyo vinavyomfanya kijana akubali kwenda Kaliua au Sikonge na kubaki huko muda wa kutosha kuwafahamu watu. Karema ilimpata Atiman kupitia msiba wa mtoto aliyeibwa. Vituo vya leo vinahitaji watu watakaobaki kwa hiari, wakijua kwamba barabara iliyowapeleka huko bado iko wazi mbele yao.