Jina Analojichagulia Kijana

Mwaka 2001 Audrey Mbugua alifanya mtihani wa kumaliza sekondari (KCSE) nchini Kenya akapata A-. Wengine wangekiweka cheti hicho kwenye fremu. Kwake kiligeuka kikwazo: aliishi kama mwanamke, ilhali karatasi ilibeba jina la kiume na alama ya jinsia ya kiume. Baraza la mitihani lilipokataa kulibadilisha jina, alikwenda mahakamani.

Oktoba 2014, Jaji Weldon Korir wa Mahakama Kuu aliamuru kitolewe cheti kipya chenye jina la Audrey, bila alama ya jinsia. Watahiniwa, alieleza, hawapewi maksi kwa kuwa wa kike au wa kiume.

Ughaibuni, ugomvi huanza mapema zaidi, kwenye rejista ya darasa. Oktoba 2023 jimbo la Saskatchewan, Kanada, lilipitisha sheria inayotaka ridhaa ya mzazi kabla ya shule kutumia jina jipya au kiwakilishi kipya cha mwanafunzi wa chini ya miaka 16 kwa sababu ya jinsia. California ikashika njia ya kinyume: Julai 2024 ilizizuia wilaya za shule kuwalazimisha walimu kuwaarifu wazazi kuhusu badiliko kama hilo.

Katikati ya mvutano huo yuko kijana mwenyewe. Stephen Russell wa Chuo Kikuu cha Texas na wenzake walichapisha mwaka 2018 utafiti wa vijana 129 wa transijenda (wanaojitambua kwa jinsia tofauti na waliyoandikishwa wakizaliwa) na wasiojihesabu wa kike wala wa kiume, wenye umri wa miaka 15 hadi 21. Waliuliza swali jepesi: jina ulilochagua unaitwa wapi? Nyumbani, shuleni, kazini, au kwa marafiki? Kila sehemu iliyoongezeka iliambatana na dalili chache za sonona, na mawazo ya kujiua yalipungua kwa asilimia 29. Sampuli ni ndogo, na kuambatana si kusababisha. Hata hivyo, ni nadra msaada usiogharimu hata senti kuonyesha tofauti kubwa hivyo.

Nyumbani kwa Waswahili, “yeye” haitaji jinsia, hivyo haisumbui mtu. Kinachochoma ni “binti yangu” au “kaka yako”, na hapo “mwanangu” na “mdogo wako” zinatosha kabisa. Jina ndilo gumu, hasa likiwa la bibi aliyefariki. Wapo wazazi wanaoliacha kwenye pasipoti na kumwita mtoto anavyotaka mezani. Nchini Kenya, kulibadilisha rasmi huhitaji hati ya kubadilisha jina (deed poll) na tangazo kwenye Gazeti la Serikali.