Kufundisha Asili ya Safu za Milima Chini ya Bahari

Mtoto huuona mlima kuwa kitu kisichobadilika. Mwalimu akimwambia tu kwamba chini ya bahari ziko safu za volkano, atayakariri maneno hayo kwa ajili ya mtihani, kisha atayasahau. Shabaha ya makala haya ni kuonyesha jinsi somo hili liwezavyo kumzoeza mtoto kufikiri kwa ushahidi.

Maelezo ya Msingi

Mfano ufaao ni safu ya Hawaii na Emperor katika Bahari ya Pasifiki. Urefu wake ni karibu kilometa 6,000, nayo ina volkano zaidi ya 80, nyingi zikiwa zimezama. Mwaka 1963 J. Tuzo Wilson wa Kanada alieleza kwamba chini ya ganda la dunia pana chanzo cha joto kali. Mawe huyeyuka hapo, magma hupanda na kujenga volkano. Sakafu ya bahari isogeapo, volkano huachana na chanzo chake, hupoa, huliwa na mvua na mawimbi, na hatimaye huzama. Nyingine huzaliwa mahali pake. Iliyo changa kuliko zote, Kamaʻehuakanaloa, kilele chake kiko karibu mita 1,000 chini ya maji.

Mawe yenyewe ni shahidi. Hayo ni basalti, ambayo karibu nusu yake ni silika. Ndani yake mna potasiamu, na sehemu ndogo ya potasiamu hiyo hugeuka kuwa gesi ya agoni kwa kasi isiyobadilika. Kwa kupima agoni iliyokusanyika tangu zaha kuganda, umri hujulikana. Heliamu nayo hudokeza kina cha chanzo. Katika mawe ya Kamaʻehuakanaloa, uwiano wa heliamu-3 kwa heliamu-4 huzidi ule wa hewa zaidi ya mara 20. Katika migongo ya kati ya bahari ni karibu mara 8. Kwa hiyo wataalamu hudhani kwamba magma ya Hawaii hutoka kina kirefu zaidi.

Hatua za Somo

1. Mwanafunzi mmoja ashike kipande cha mkaa bila kukihamisha. Mwenzake asogeze karatasi chini yake, akisimama mara kwa mara ili alama iwekwe. Alama zipewe namba.

2. Uliza: alama ipi ni ya kale zaidi? Wataona kuwa ni ile iliyo mbali na mkaa. Wakumbushe kwamba katika dunia chanzo kiko chini, si juu.

3. Wape hesabu: kisiwa cha Kauai kiko karibu kilometa 500 kutoka Kilauea, na umri wake ni karibu miaka milioni 5. Sakafu ilisogea kwa kasi gani? Jibu ni sentimeta 10 kwa mwaka.

4. Karatasi igeuzwe mwelekeo. Safu itapinda, kama ile ya Pasifiki ilivyopinda yapata miaka milioni 47 iliyopita.

Tahadhari

Zana si dunia yenyewe. Uchunguzi wa usumaku wa mawe ya Emperor, uliochapishwa mwaka 2003, ulionyesha kwamba chanzo nacho kilihama kuelekea kusini. Basi mwalimu asifundishe kwamba mkaa haukusogea kamwe. Awaulize wanafunzi: kama mkono wa mwenye mkaa nao ungehama, alama zingekaaje? Mtoto awezaye kujibu swali hilo amelielewa somo.