Je, Wajua? Ukuta wa Majani Wenye Maua Usiyoyaona

Ule ukuta wa kijani unaozificha nyumba nyingi za kusini mwa California, Marekani, ni wa mti wa jamii moja na mkuyu na mtini. Unaitwa Ficus microcarpa, ingawa wauza miche huuita Ficus nitida, na asili yake ni Asia ya kusini hadi Australia. Maua yake hujificha ndani ya tunda, na ni nyigu mdogo sana anayeingia humo kuyachavusha.

Miche hupandwa ikiachana kama mita 1, kisha hupogolewa pembeni isimame wima kama nguzo. Ukiona jani limejikunja, lifungue: mara nyingi utakuta wadudu wadogo weusi, thiripi, wakilifyonza. Kata vitawi vyenye majani hayo uvitupe. Vaa glavu, maana utomvu wake mweupe huwasha ngozi.

Kinachotisha hasa ni mizizi. Mti huu ukiachiwa hupita mita 12, na mizizi yake huinua sakafu za njia na kupenya mabomba yenye nyufa. Usiupande kabisa karibu na msingi wa nyumba wala karo.