Karatasi Inaposema Asidi ya Yuriki Imepanda

Huenda umetoka maabara na karatasi iliyoandikwa asidi ya yuriki 450, na kando yake alama ya kwamba imepita kiasi. Jirani ameitazama akasema, "Hiyo ni gauti, wacha nyama." Majirani zetu ni madaktari wasio na leseni! Kabla hujakimbilia duka la dawa, keti tuisome pamoja.

Asidi hii ni taka. Hutokana na seli za mwili zinapovunjika, na vyakula kama maini, figo na nyama. Bia na soda za sukari huiongeza. (Maharagwe na ndengu husingiziwa bure.) Figo zako ndizo huitoa kwa mkojo, zikilegea, hubaki damuni.

Angalia kipimo kilichotumika. Maabara nyingine huandika maikromoli kwa lita, nyingine miligramu kwa desilita: 420 ya kwanza ni karibu 7 ya pili. Kwa wanaume mpaka huwekwa karibu hapo. Kwa wanawake ambao bado wanapata hedhi huwa chini, kama 360, yaani 6.

Asidi ikizidi, yaweza kuganda ikawa chembe kama sindano ndani ya kiungo, mara nyingi kidole gumba cha mguu. Hiyo ndiyo gauti, au jongo. Lakini wengi ambao asidi yao iko juu hawaugui kamwe, na ikiwa huna maumivu, kwa kawaida namba peke yake haihitaji dawa. Kinyume chake pia hutokea: kidole kimevimba, huwezi hata kuvaa kiatu, na karatasi inasema uko sawa. Wakati wa shambulio asidi yaweza kushuka damuni. Omba upimwe tena wiki 2 hadi 4 baada ya maumivu kuisha.

Mweleze daktari kila dawa unayomeza. Vidonge vya presha vya kuongeza mkojo, aspirini ya kila siku, na pirazinamidi ya kifua kikuu, zote hupandisha asidi hii. Tafadhali usiache dawa ya TB au ya presha kwa sababu ya karatasi hii. Mwenye kuamua ni daktari wako.

Na kiungo kikivimba, kikawa cha moto, nawe una homa, usingoje majibu ya asidi. Huenda ni usaha umeingia kwenye kiungo. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.