Taipureta zimekwenda, umakini wa wahazili ungali wahitajika

MKAZI wa Kisumu Ndogo mjini Malindi anayetaka barua ya kuomba kazi au hati ya kiapo siku hizi huandikiwa kwa kompyuta katika dakika chache. Zamani kazi hiyo ilikuwa ya taipureta, na ilidai ujuzi ambao vijana wengi hawaujui.

Mhazili alifunzwa kupiga taipu kwa vidole vyote bila ya kutazama herufi. Alijifunza pia hati mkato, yaani kunukuu maneno ya mkubwa wake kwa alama fupi zinazofuata matamshi. Mfumo uliofundishwa nchini Kenya ni ule uliotolewa na Mwingereza Isaac Pitman mwaka wa 1837. Kasi ilipimwa kwa idadi ya maneno kwa dakika.

Vifaa navyo vilikuwa na masharti yake. Ili kupata nakala, karatasi ya kaboni iliwekwa baina ya karatasi mbili. Kosa moja liliingia katika zote. Mitihani ya shule ilipigwa kwenye stensili, yaani karatasi yenye nta. Utepe wa wino uliondolewa njiani ili herufi zikate nta, kisha katika mashine ya kurudufu wino ukapenya palipokatwa.

Kwa kuwa kusahihisha kulikuwa taabu, mhazili hodari alisoma na kuuliza kwanza, ndipo akapiga. Tabia hiyo ingali na thamani. Jina la Charo likiandikwa Chalo kwenye cheti, mwenyewe huenda akalazimika kula kiapo kuthibitisha kwamba ni mtu yule yule. Na hapa Pwani, penye mizozo mingi ya ardhi, barua isiyo na nakala yaweza kumponza mwenye haki.

Kampuni ya Godrej & Boyce ya India, miongoni mwa za mwisho kuunda taipureta za ofisini, iliacha mwaka wa 2009. Hata hivyo, herufi “CC” katika barua pepe zatokana na nakala ya kaboni, na mpangilio wa herufi za kompyuta ulirithiwa kutoka kwa taipureta za miaka ya 1870.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Anayeandikiwa barua leo na aisome kabla haijachapishwa, alinganishe majina na kitambulisho chake, kisha adai nakala aihifadhi.