NG'OMBE WA KIHAMBANI: MAFUNZO YA UHAKIKA WA CHAKULA KUTOKA MITEREMKO YA KILIMANJARO

Uhakika wa chakula haupimwi kwa wingi wa magunia yaliyomo ghalani peke yake. Mkutano Mkuu wa Dunia kuhusu Chakula, uliofanyika mjini Roma mwezi Novemba 1996, ulieleza kuwa uhakika huo upo pale ambapo watu wote, wakati wote, wanaweza kukipata chakula cha kutosha, kilicho salama na chenye kujenga afya. Zanzibar nayo ililipa jambo hilo nguvu ya kisheria ilipotunga Sheria ya Uhakika wa Chakula na Lishe mwaka 2011.

Katika maelezo hayo, maneno yenye uzito mkubwa ni "wakati wote". Mavuno huja kwa msimu, lakini njaa haina msimu. Kati ya mavuno na mavuno, familia huhitaji kitu cha kuishikilia. Kwa wakulima wengi wa Tanzania kitu hicho ni mfugo, na mahali ambapo jambo hili linaonekana waziwazi ni katika vijiji vilivyo juu ya mji wa Moshi, kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro.

KIHAMBA NI NINI

Mji wa Moshi uko takriban mita 800 juu ya usawa wa bahari. Msafiri akipanda kutoka hapo kuelekea Kibosho, Uru, Machame au Marangu, huingia katika ukanda wa kijani unaoanzia kiasi cha mita 1,000 hadi 1,800. Huo ndio ukanda wa vihamba. Kihamba ni shamba la ukoo linaloizunguka nyumba na kurithiwa kizazi hata kizazi. Juu kabisa imesimama miti mirefu, chini yake migomba, chini ya migomba mibuni, na chini ya mibuni magimbi, maharage na mboga. Maji huletwa na mifereji ya asili iliyochimbwa na wazee. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliutambua mfumo huu, katika kijiji cha Shimbwe Juu, kuwa miongoni mwa urithi wa kilimo wenye thamani kwa dunia nzima.

Katika picha hiyo ng'ombe haonekani kwa urahisi, kwa kuwa hachungwi. Yumo bandani, nyuma ya nyumba, na majani huletwa mbele yake. Wachaga walifuga kwa namna hii tangu zamani, ambapo ng'ombe wa asili walilala ndani ya nyumba pamoja na familia, kwani ardhi ya kuchungia ilikuwa haba. Wakoloni na wataalamu waliokuja baadaye hawakuuanzisha ufugaji wa ndani, waliukuta. Kilichoongezeka ni ng'ombe wa maziwa wa damu ya kigeni, kama vile Friesian, Ayrshire na Jersey, na machotara wao.

KAZI TATU ZA NG'OMBE MMOJA

Kazi ya kwanza ni maziwa. Lita moja ya maziwa ya ng'ombe ina takriban gramu 30 za protini, pamoja na madini ya chokaa yanayojenga mifupa na meno. Kwa familia ambayo chakula chake kikuu ni ndizi, zenye wanga mwingi na protini kidogo, kikombe kimoja cha maziwa kwa mtoto kila siku ni nyongeza kubwa.

Kazi ya pili ni samadi. Ng'ombe mzima hutoa takriban kilo 20 za samadi mbichi kwa siku. Samadi hiyo, ikichanganywa na mkojo na mabaki ya majani, hurudishwa kwenye mashina ya migomba na mibuni. Migomba nayo humpa ng'ombe majani na magogo yake. Hivyo shamba humlisha ng'ombe na ng'ombe hulilisha shamba. Ardhi ambayo imelimwa mfululizo kwa vizazi vingi bila ya kupumzishwa isingeweza kuendelea kuzaa ndizi kama banda lingekuwa tupu. Wengi huhesabu maziwa tu wanapopima faida ya ng'ombe. Lakini palipo na ardhi ndogo, mkungu wa ndizi uliopo jikoni nao umetokana na ng'ombe huyo.

Kazi ya tatu ni fedha. Kahawa ilikuwa ndiyo nguzo ya uchumi wa Kilimanjaro, na chama kikuu cha ushirika cha wakulima wake, KNCU, kiliundwa mwaka 1933. Lakini kahawa hulipwa kwa msimu, na bei yake haiamuliwi Moshi. Mwezi Julai 1989 mfumo wa mgao wa mauzo chini ya Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa ulivunjika, bei ikaporomoka duniani kote, na familia nyingi za mlimani zikajikuta hazina cha kununulia mahindi wala cha kulipia ada. Maziwa hayana bei kubwa, lakini huuzwa kila siku. Mwaka mmoja kabla ya mporomoko huo, 1988, wanawake wa Nronga, Machame, katika Wilaya ya Hai, walikwisha kuunda ushirika wao wa kukusanya na kuuza maziwa. Jambo hili lilikuwa na maana ya pekee, kwa sababu kwa mila za huko fedha ya kahawa ilikuwa mkononi mwa mwanamume, ilhali maziwa na ndizi vilikuwa mkononi mwa mwanamke, ambaye ndiye mwenye sufuria. Baadaye ushirika huo ulishiriki pia katika kuwapatia maziwa wanafunzi wa skuli.

Kwa asiye na uwezo wa kununua ng'ombe, upo utaratibu ujulikanao kwa jina la "Kopa Ng'ombe, Lipa Ng'ombe". Familia hupewa mtamba mwenye mimba, na deni hulipwa kwa kumtoa ndama jike wa kwanza kwa familia nyingine. Aliyekopeshwa jana huwa mkopeshaji kesho.

MZIGO WA MAJANI

Haifai, hata hivyo, kudhani kwamba mfumo huu hauna kikomo. Ng'ombe wa maziwa mwenye uzito wa kilo 400 huhitaji kiasi cha kilo 60 za majani mabichi kwa siku, na maji yasiyopungua lita 50. Kwa mwaka mmoja majani hayo ni takriban tani 22. Kihamba ambacho babu alikiacha kikiwa kizima, leo kimegawanywa kwa wana na wajukuu, na vingi havifikii ekari mbili. Majani ya kutosha hayamo tena ndani yake.

Kwa hiyo majani hutafutwa mbali. Mabua ya mahindi hupandishwa kutoka mashamba ya tambarare, kwa gari kwa mwenye nazo, na kwa kichwa kwa asiyekuwa nazo. Na kichwa hicho mara nyingi ni cha mwanamke au mtoto. Zamani majani yalikatwa pia pembezoni mwa msitu. Mwaka 2005 msitu huo uliingizwa ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, ili kulinda vyanzo vya maji ambavyo vihamba vyenyewe vinavitegemea, na njia hiyo ikabanwa. Wakati wa kiangazi wafugaji hulazimika kutegemea zaidi magogo ya migomba. Magogo hayo yanamkata ng'ombe kiu, lakini zaidi ya sehemu 90 katika kila 100 ni maji. Tumbo hujaa na maziwa hukauka.

Hapa ndipo panapokosewa mara nyingi. Mfugaji huona kwamba ng'ombe wawili ni bora kuliko mmoja. Ng'ombe wawili wenye njaa hula kwanza kwa ajili ya kujihifadhi roho zao, na kisichobaki hakikamuliwi. Ng'ombe mmoja aliyeshiba huwashinda wawili waliokonda kwa maziwa na kwa uzazi. Idadi ya mifugo haina budi kufuata malisho yaliyopo mwezi wa kiangazi kikali, si yale yaonekanayo wakati wa masika.

Kosa la pili ni kuuza maziwa yote. Nyumba iuzayo hadi tone la mwisho huku mtoto akinywa chai ya rangi imepata fedha, lakini haijapata uhakika wa chakula.

YANAYOWAHUSU WANANCHI WA VISIWANI

Unguja na Pemba hazina mlima wala baridi ya Kibosho, lakini zina jambo moja linalofanana na Kilimanjaro: watu wengi juu ya ardhi ndogo. Aidha, kizuizi kikubwa kilichokuwapo Unguja kiliondolewa. Kati ya mwaka 1994 na 1997 zaidi ya mbung'o madume milioni 8 waliofanywa tasa kwa mionzi waliachiwa kwa ndege juu ya kisiwa, na mwaka 1997 Unguja ikatangazwa kuwa huru na mbung'o, mdudu aliyekuwa akieneza ugonjwa wa malale ya mifugo. Tangu hapo ng'ombe wa maziwa anaweza kufugwa katika maeneo ambayo awali alikuwa hadumu.

Mwananchi anayekusudia kufuga ng'ombe wa maziwa anapaswa kuzingatia yafuatayo:

1. Apande malisho kwanza, kama vile mabingobingo na lukina, ndipo anunue ng'ombe.

2. Akaushe na kuhifadhi majani wakati wa masika na vuli kwa ajili ya kiangazi.

3. Adhibiti kupe kwa kuogesha au kunyunyizia dawa kwa ratiba, kwani kupe ndio waenezao ndigana kali, ugonjwa unaoweza kumuua ng'ombe wa kigeni kwa muda mfupi.

4. Arudishe samadi yote shambani, wala asiiache ikachukuliwa na mvua.

5. Maziwa yachemshwe kabla ya kunywewa, na sehemu ya watoto itengwe kabla ya sehemu ya soko.

6. Awaone maofisa mifugo wa wilaya yake mapema, kabla ya ng'ombe kuugua.

Vihamba vya Kilimanjaro vimewalisha watu kwa vizazi vingi kwa sababu ng'ombe, mgomba na mwenye shamba walipeana kwa kadiri. Kadiri hiyo ikivunjwa, kwa mifugo kuzidi majani au kwa banda kuachwa tupu, meza ya familia ndiyo ya kwanza kuonyesha.