Mashine ya boti huvuja pande mbili

Himo ni mji wa magari. Barabara itokayo Moshi hugawanyika hapo: moja hushuka kuelekea Mwanga, Same na Dar es Salaam, nyingine huenda Holili, na ukivuka mpaka uko Taveta. Malori ya mahindi, ndizi na saruji hupita usiku na mchana, na gereji za mji huo huishi kwa malori hayo. Fundi wa Himo anaijua oili ya gia kwa harufu yake kali ya salfa kabla hajaigusa. Difu ikivuja, doa linakuwa chini ya lori, naye anajua pa kuanzia.

Lakini kusini mwa Himo kuna maji. Bwawa la Nyumba ya Mungu, lililojengwa katikati ya miaka ya 1960, hupokea mito ya Kikuletwa na Ruvu, na Ruvu ndiyo inayobeba maji ya Ziwa Jipe na ya Mto Himo. Chini ya ukuta wake TANESCO ina mitambo ya megawati 8. Juu ya ukuta kuna perege, kambale na wavuvi. Wengi hupiga kasia, ila zipo pia boti za injini, na injini hizo hupata ugonjwa uleule unaozipata za Ziwa Victoria, Tanganyika na mwambao wote: oili ya gia hupungua na mwenye boti hajui imekwenda wapi.

Mvuvi asiye na fundi wa boti karibu humwendea fundi wa magari, na hana kosa. Gia ni gia. Meno ya chuma yaliyo chini ya mashine ya boti hulainishwa na oili nzito ya namba 90, jamaa wa ile inayotiwa kwenye difu, na sili zinazoizuia isitoke ni za mpira wenye springi ndogo ndani, sawa na za lori. Tofauti iko mahali pengine, nayo ndiyo inayoua mashine nyingi.

Giaboksi ya lori ina kipumulio. Oili ikipata moto na hewa ya ndani ikatanuka, hewa hiyo hupata njia ya kutokea. Ikipoa, hewa hurudi. Giaboksi ya boti imezibwa kabisa, kwa sababu inafanya kazi ikiwa imezama. Mashine ikikimbia, oili hupata moto na shinikizo la ndani hupanda. Mvuvi akizima ili avute nyavu, maji baridi huipoza mara moja na ndani hubaki mvuto. Sili iliyochoka ilikuwa ikitema oili mwendo wote. Sasa inafyonza maji. Kesho yake mambo ni hayohayo. Kwa hiyo anayeongeza oili kila inapopungua, kama afanyavyo mwenye lori kuukuu, haongezi oili tu. Anaikoroga na maji.

Na maji hayana huruma kwa beringi. Oili yenye maji haikai vizuri kati ya jino na jino, chuma hupata kutu mashine ikilala, na siku moja gia ya mbele huanza kuruka kwa kishindo. Hapo bei haiwi tena ya sili mbili.

Ndiyo maana swali la kwanza lisiwe oili imepungua kiasi gani. Liwe iliyobaki ina rangi gani. Mashine isimamishwe wima usiku kucha, kisha asubuhi skrubu ya chini ilegezwe taratibu huku chombo kikiwa tayari. Maji ni mazito kuliko oili, hukaa chini, kwa hiyo yakiwepo yatatangulia. Ikitoka oili nyeupe kama chai ya maziwa, maji yamekwisha kuchanganywa na gia. Ikiwa safi ila pungufu, tatizo laweza kuwa dogo. Unga laini wa chuma kwenye sumaku ya skrubu, kwa mashine zenye sumaku, ni uchakavu wa kawaida. Vipande vinavyochoma kidole si vya kawaida, na mashine hiyo ifunguliwe kabla haijarudi majini.

Kupungua kwenyewe wakati mwingine si kuvuja. Giaboksi ya boti haijazwi kutoka juu kama ya gari. Ina skrubu mbili, moja chini na moja juu, na oili husukumwa kwa pampu ndogo au tyubu kupitia tundu la chini, ikipanda na kuisukuma hewa mbele yake mpaka itokee juu bila mapovu. Skrubu ya juu hufungwa kwanza, ndipo pampu itolewe chini na skrubu yake irudi haraka. Anayemimina kwa juu hufungia hewa ndani. Baada ya safari moja hewa imepanda, kipimo kimeshuka, na mwenye boti anaamini oili imevuja. Mashine ya nguvu farasi 15 huchukua takriban robo lita tu. Katika kiasi hicho, pengo la hewa si jambo dogo.

Tena kuna doa jeusi linalodondoka kwenye propela mashine ikiwa imeegeshwa. Katika mashine nyingi moshi hutokea katikati ya propela, na zile zinazochanganya petroli na oili huacha humo mabaki meusi mepesi. Oili ya gia ni nzito, huvutika kati ya vidole, na ile harufu ya salfa haifichiki. Pua hapa inafaa kuliko macho.

Kama kweli inavuja, mshukiwa wa kwanza ni uzi. Wavuvi wa maji baridi wanazijua nyavu za timba, za uzi mmoja wa nailoni unaong'aa, ambazo Kanuni za Uvuvi za mwaka 2009 zilizipiga marufuku. Hata palipobaki nyavu halali na mishipi ya ndoana, vipande huelea. Propela hukivuta kipande, nacho hujizungusha kwenye shafti nyuma ya washa kubwa, mahali pasipoonekana, hukazwa na kupata moto, kisha hukata mdomo wa sili. Magugu ya Jipe nayo hujizungusha, ila hukatika, nailoni haikatiki. Kuitoa propela ni kazi ya dakika chache: kota pini, nati, washa, na propela yenyewe. Uzi utolewe wote, shafti ipakwe grisi isiyoyeyuka majini, na kota pini iwe mpya. Inasikitisha kuona mashine ya thamani hiyo ikifa kwa kazi ambayo kijana mmoja angeifanya mtumbwi ukiwa mchangani.

Washukiwa wengine ni washa za skrubu zile mbili, ambazo watu huzirudisha zikiwa zimebonyea ingawa ni za bei ndogo mno, kisha sili iliyo chini ya pampu ya maji, na ile ya fimbo ya kuingizia gia. Hakuna haja ya kubahatisha. Oili yote ikitolewa, hewa husukumwa kwenye tundu la juu, la chini likiwa limefungwa, kwa pampu ya mkono yenye geji, mpaka karibu pauni 14, na si kwa kompresa ya matairi inayoweza kuipasua sili nzima. Giaboksi huzamishwa kwenye pipa la maji, shafti ikizungushwa polepole kwa mkono. Mapovu huonyesha mlango wenyewe.

Hapo ndipo ufundi wa Himo unapofaa sana. Kung'oa sili bila kukwaruza nyumba yake na kuingiza mpya bila kuipinda ni kazi ambayo mikono iliyolelewa kwenye difu inaijua. Ila mambo mawili yasihamishwe kutoka kwenye lori. Silikoni ya tyubu iliyopakwa nje ya sili haizuii maji. Na kwenye shafti ya propela, katika mashine nyingi, sili huwa mbili zilizopeana migongo, moja ikizuia oili isitoke, nyingine maji yasiingie. Mwenye kuzielekeza zote ndani, kwa mazoea ya gari, amezuia oili na kuyafungulia maji mlango. Shafti nayo ipitishwe ukucha: kama sili ya zamani imeichimba mfereji, sili mpya haitadumu.

Yuko atakayepatwa na haya akiwa mbali na fundi, na samaki hawasubiri. Anaweza kuitoa oili iliyochafuka, kujaza mpya na kurudi nyumbani kwa mwendo wa taratibu. Kuendelea hivyo wiki nzima ni kuimwaga oili ya gia ndani ya bwawa ambalo watu huvua, huchota na kunyweshea ng'ombe. Ile iliyotolewa iwekwe kwenye dumu na kupelekwa gereji, isimwagwe ufukweni.

Baada ya matengenezo, mashine ifanye kazi siku moja au mbili, kisha skrubu ya chini ilegezwe na matone machache yatolewe. Yakiwa safi, oili ibadilishwe tena kila saa 100 za kazi au miezi sita, kama vitabu vya mashine nyingi vinavyoelekeza. Yakiwa meupe wakati sili za propela ni mpya, fundi apande juu, aifungue pampu ya maji, atazame sili iliyo chini yake.